Kompyuta, kombi na kazi: namna ya kumwongoza kijana wa kidato cha nne

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mfumo wa Selform wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda mfupi ili vijana wabadilishe kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, na vyuo walivyojaza kabla ya mtihani. Siku hizo steshenari hujaa. Kijana anasimama nyuma ya kiti cha mhudumu, anaulizwa "tuweke nini?", anajibu kwa sauti ndogo "weka PCB" (Fizikia, Kemia na Biolojia), na uamuzi wa miaka mingi unabonyezwa hapo hapo. Mwongozo huu ni wa watu wanaoweza kuzuia hali hiyo mapema: mwalimu wa unasihi, mzazi, mlezi, kaka au dada aliyetangulia.

Nimechagua chombo kimoja ili tusitawanyike. Kinaitwa O*NET Interest Profiler, ni cha Wizara ya Kazi ya Marekani, na kinapatikana kwenye tovuti ya My Next Move. Ni cha bure, hakidai akaunti wala namba ya simu, na kina toleo la karatasi ambalo shule inaweza kulichapisha na kulirudufu. Kwa upande mwingine, kilitengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, kwa hiyo kina mambo mengi yanayoweza kumpoteza kijana wa Kitanzania akiachwa nacho peke yake. Sehemu kubwa ya kazi yako ni hapo.

Kinapima nini hasa

Msingi wake ni nadharia ya mwanasaikolojia John Holland, ambaye mwaka 1959 alieleza kwamba kazi na watu vinaweza kupangwa katika makundi machache yanayofanana kwa mwelekeo. Makundi hayo ni sita, na kwenye skrini utayaona kwa herufi. R ni kazi za mikono, zana, mashine, mimea na wanyama. I ni kuchunguza na kutafuta majibu. A ni sanaa na ubunifu. S ni kufundisha, kuhudumia na kusaidia watu. E ni kuongoza, kuuza na kuanzisha. C ni utaratibu: kumbukumbu, hesabu, nyaraka, mambo yanayotaka usahihi.

Kijana anaulizwa maswali 60, kumi kwa kila kundi. Kila swali linataja shughuli moja, naye anasema kama anaipenda sana, anaipenda, hana uhakika, haipendi, au haipendi kabisa. Mwisho anapata alama kati ya 0 na 40 kwa kila herufi.

Kwa hiyo chombo hiki kinapima upendeleo, basi. Hakijui kama kijana ana D ya Hisabati, hakijui kama baba ana uwezo wa kulipa ada, wala hakijui kama wilayani kwao kuna ajira ya aina hiyo. Mambo hayo manne, yaani upendeleo, uwezo, fedha na nafasi, kila moja lina chanzo chake cha taarifa. Vijana wengi huumia pale wanapopewa jibu la moja wakaambiwa ni jibu la yote.

Hatua ya 1: Msikilize kabla hujawasha kompyuta

James Sampson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida wameandika kwa miaka mingi kuhusu mifumo hii, na ushauri wao mkubwa ni huu: pima kwanza utayari wa mtu. Kuna anayeweza kujihudumia mwenyewe akapita salama. Kuna anayehitaji msaada mfupi, wa kumwelekeza tu wapi aangalie. Na kuna anayehitaji mtu wa kukaa naye hatua kwa hatua.

Kwa mazingira yetu, muulize kijana maswali matatu tu. Unafikiria nini mpaka sasa? Nyumbani wanasemaje? Ukikosa hiyo, utafanya nini? Anayejibu yote kwa utulivu mpe kompyuta na umwache afanye. Anayejibu la kwanza akakwama la pili, kaa karibu. Na yule anayeinamisha kichwa, au anayesema "chochote tu mwalimu", usimkimbize kwenye skrini. Huenda amefiwa, huenda nyumbani kumeshaamuliwa aolewe, huenda ameshajiona amefeli kabla ya kufanya mtihani. Dodoso halitamfaa mtu aliye katika hali hiyo, na alama atakazopata zitakuwa picha ya huzuni yake. Huyo anahitaji unasihi wa kawaida kwanza, hata kama ratiba ya maabara ya TEHAMA inasema leo ni zamu yake.

Hatua ya 2: Maharage thelathini

Katika miaka ya 1970, Martin Katz wa shirika la Educational Testing Service huko Marekani alijenga mfumo wa kompyuta ulioitwa SIGI. Kilichomtofautisha Katz ni kwamba alianza na jambo ambalo mtu analithamini katika kazi, kisha akamlazimisha kuchagua, kwa kuwa alama za kugawa zilikuwa na kikomo. Huwezi kutaka kila kitu kwa kiwango cha juu. Mfumo wenyewe ni wa zamani, ila zoezi hilo ni zuri mno kuliacha, na halihitaji umeme.

Chukua karatasi, andika mambo haya kumi: kipato kikubwa, heshima katika jamii, uhuru wa kujiamulia, kusaidia watu, uhakika wa ajira, kazi isiyo ya kurudia jambo lile lile, uongozi, kufanya kile unachokipenda, muda wa kupumzika, na kuanza kazi mapema. Mpe kijana maharage thelathini ayagawe juu ya maneno hayo. Akimaliza, mwambie mambo yamebadilika, aondoe kumi. Angalia anapoondoa, na angalia anapokataa kugusa.

Hilo la "kuanza kazi mapema" usilidharau. Mzaliwa wa kwanza mwenye wadogo wanne na mama mjane anaweza kurundika maharage yake hapo, na ana sababu. Kwake, kozi ya ufundi ya VETA au cheti inayomtoa mapema ni uamuzi wa maana, na si haki kumwambia "usikate tamaa, nenda kidato cha tano" kana kwamba hajafikiri. Andika mgawanyo wake wa mwisho. Karatasi hiyo mtaihitaji baadaye.

Hatua ya 3: Andaa vifaa

Maswali hayahitaji kompyuta kubwa. Simu inatosha, na walimu wengi bado wanavyo vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kama bando ni shida, chapisha toleo la karatasi, ujumlishe alama kwa mkono, kisha mfungue mtandao mara moja tu wakati wa kuangalia orodha ya kazi. Hakikisha kila mmoja anajibu bila mwenzake kumchungulia. Vijana wakikaa watatu kwenye mashine moja hujibu kitu kimoja.

Hatua ya 4: Maswali sitini

Hapa usiwe na haraka. Tovuti ina Kiingereza na Kihispania, haina Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari anasoma kwa Kiingereza, ni kweli, lakini Kiingereza cha darasani si cha kazini. Anaweza kujua maana ya usanisinuru kwa Kiingereza akashindwa kuelewa kazi ya kuhakiki fomu na kumbukumbu. Kwa hiyo kaa na maswali hayo jioni moja, yatafsiri yote, uwe unayasoma kwa sauti huku wao wakijibu.

Katika kutafsiri, fafanua bila kubadilisha aina ya kazi. Swali la kutengeneza makabati ya jikoni halina tabu, kila mtaa una seremala. La kujenga kwa matofali au kupachika vigae pia. Swali la kununua na kuuza hisa na hatifungani linahitaji dakika moja ya maelezo: kuna Soko la Hisa la Dar es Salaam, watu hununua sehemu ya umiliki wa kampuni, bei hupanda na kushuka, na kuna watu ambao kazi yao ni kufuatilia hayo kutwa. La kuendesha saluni ya nywele wanalielewa kabla hujamaliza kusoma. La kuchunguza mwendo wa sayari mwulize mtoto kama anajua kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Wengi hawajui.

Waambie mambo mawili kabla ya kuanza, na uyarudie katikati. La kwanza: usifikirie mshahara wala elimu inayotakiwa, jibu kama ungeipenda shughuli yenyewe. La pili: hakuna jibu la kumfurahisha mwalimu.

Kisha fuatilia jibu la "sina uhakika". Likitokea mara chache ni sawa. Kijana akilitumia kwenye nusu ya maswali, maana yake mara nyingi ni kwamba hajawahi kuziona shughuli hizo. Mashine itahesabu jibu hilo kama alama ya katikati na kuendelea, kumbe tatizo ni kukosa kuona dunia. Weka alama kwenye maswali hayo. Ndiyo orodha yako ya sehemu za kumpeleka kijana akatazame: karakana, zahanati, maabara, shamba darasa, ofisi ya mhasibu wa halmashauri.

Jambo hili linawagusa wasichana zaidi. Utafiti wa muda mrefu umeonyesha kwamba kwa wastani wanaume hupata alama za juu kwenye R na wanawake kwenye S. Lakini binti ambaye tangu utotoni akishika bisibisi ananyang'anywa na kupewa mwiko, atasemaje kama anapenda kutengeneza vifaa vya umeme? Binti akipata R ya chini, usiiandike kama tabia yake. Muulize kwanza: umewahi kujaribu?

Hatua ya 5: Kusoma matokeo pamoja

Tuchukue mfano wa binti, tumwite Rehema, anayetoka kando ya Ziwa Victoria. Amejaza PCB kwenye Selform kwa sababu nyumbani wanataka daktari. Alama zake: I 31, R 29, C 20, E 18, S 15, A 12.

Mwongozaji mwenye haraka ataona S iko chini na kumwambia udaktari haumfai. Hilo ni kosa kubwa kuliko kutotumia kompyuta kabisa. Alama zinakuonyesha pa kuuliza, kwa hiyo rudi kwenye majibu yenyewe na uulize.

"Mwanangu, hapa kwenye kufuga samaki umejibu unapenda sana. Ulishawahi kuona?"

"Ndiyo mwalimu. Mjomba ana mabwawa ya sato. Likizo huwa ananiachia kuhesabu vifaranga na kupima maji."

"Unapima nini kwenye maji?"

"Joto. Na rangi yake, ile ya kijani. Yakizidi kijani tunabadilisha. Mwaka jana walikufa wengi, nikamwambia mjomba ni hewa imepungua usiku, akawa anabisha."

"Sawa. Na hapa, kusaidia watu wenye matatizo ya kihisia, umesema hupendi kabisa."

Kimya kidogo. "Mama aliumwa sana, mwalimu. Mimi ndiye nilikuwa namhudumia."

Sasa una taarifa mbili ambazo mashine isingekupa. I na R zake zinatokana na kitu anachokifanya kwa mikono na kukifikiria hadi kubishana na mtu mzima. Na S yake ya chini inaweza kuwa uchovu wa mtoto aliyeuguza mzazi, jambo ambalo linaweza kupona. Huna sababu ya kumfutia udaktari. Una sababu ya kumfungulia mlango wa pili, tena ambao kombi ile ile ya PCB inaweza kuufikia: sayansi ya viumbe maji, mifugo, maabara.

Kuna hali nyingine mbili utakazokutana nazo. Kwanza, alama zinazolingana karibu zote. Kama zote ziko juu, kijana anapenda kila kitu, rudi kwenye maharage yamsaidie kupunguza. Kama zote ziko chini, rudi hatua ya 1, kuna jambo. Pili, herufi mbili za juu zinazoonekana kupingana. Holland alizipanga herufi zake katika pembe sita kwa mfuatano wa R, I, A, S, E, C. Zinazokaa jirani zinafanana, zinazotazamana zimetofautiana zaidi. R na S zinatazamana, kwa hiyo kijana mwenye zote mbili juu anaweza kudhani amekosea kujibu. Hajakosea. Mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia, au mwalimu wa ufundi wa magari VETA: mikono na watu kwa pamoja.

Hatua ya 6: Orodha ya kazi, chukua kazi acha takwimu

Baada ya alama, tovuti inamtaka kijana achague kiwango cha maandalizi, kuanzia 1 hadi 5, kisha inaleta kazi zinazoendana na herufi zake. Mwambie aangalie viwango vitatu tofauti, asikimbilie cha 5.

Sasa usimamizi wako unahitajika kweli kweli. Mshahara ulioandikwa pale ni wa dola na wa Marekani. Alama zinazoonyesha kwamba kazi fulani ina soko zuri ni za soko la Marekani. Kiwango cha elimu nacho ni cha kwao: kule mtu husoma kwanza shahada nyingine ndipo aingie udaktari, hapa kijana anatoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka mitano. Yote hayo mwambie ayaruke, na ikibidi funika kwa karatasi.

Kuna pia kazi zetu ambazo hazimo. Tabibu wa ngazi ya stashahada, anayeona wagonjwa katika vituo vya afya nchi nzima, hana mwenzake kamili kwenye orodha ile. Afisa ugani wa kata ndivyo hivyo. Kijana anayeitegemea orodha peke yake anaweza kumaliza bila kuona kazi iliyo mita mia mbili kutoka shuleni kwao.

Kinachofaa, tena sana, ni maelezo ya shughuli: mtu huyu kutwa anafanya nini, anatumia zana gani, anahitaji ujuzi gani. Mkemia wa maabara anafanya vipimo vya aina moja Dodoma na Ohio. Mruhusu kijana asome maelezo ya kazi tano au sita na kwa kila moja aandike sentensi mbili: shughuli gani imenivutia, na ipi ingenichosha. Hiyo ya pili ndiyo yenye faida zaidi. Muuguzi hufanya kazi usiku. Mhasibu hufunga hesabu. Rubani hukaa mbali na nyumbani.

Hatua ya 7: Ziweke kazi hizo kwenye ardhi ya nyumbani

Chukua kazi tatu alizobaki nazo na uzitafutie majibu ya hapa. Kwa cheti na stashahada, chanzo ni mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Kwa shahada, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Kwa ufundi, VETA. Soma toleo la mwaka huo huo, kwa sababu sifa hubadilika, na linganisha na matokeo halisi ya kijana, au na ya mtihani wa utamirifu (mock) kama bado hajafanya wa mwisho. Kwa Rehema, mngefungua kozi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yaani FETA, ambao una kampasi Mbegani na Nyegezi, kisha mngeangalia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ngazi ya shahada. Angegundua kwamba kuna njia ya kuanza na stashahada baada ya kidato cha nne, na njia ndefu ya kupitia kidato cha tano na sita. Hapo maharage yanarudi mezani: alirundika wapi, kuanza kazi mapema au heshima?

Kombi nazo ziangaliwe upya. Tangu mwaka 2024 tahasusi (jina rasmi la kombi) zilizotangazwa ni 65, wakati wazazi wengi bado wanazijua zile chache za zamani. Anza na kozi anayoitaka, rudi nyuma uone inataka masomo gani, ndipo uchague kombi. Vijana wengi hufanya kinyume, wakaja kugundua kidato cha sita kwamba kombi yao haiwafikishi.

Kuhusu nafasi za kazi, nina chanzo ninachokipenda ambacho walimu hawakitumii vya kutosha: matangazo ya kazi ya Ajira Portal, ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kila tangazo lina majukumu na sifa za mwombaji. Mpe kijana kazi ya kutafuta matangazo matatu ya kazi anayoiwaza na kupigia mstari sifa zinazojirudia. Atajua waajiri wanataka cheti gani, na ataona kazi ipi hutangazwa kwa watu wengi na ipi kwa mtu mmoja. Kwa kazi za kujiajiri, matangazo hayasaidii. Huko inabidi kuwauliza wenye kazi.

Wasomaji wa Kenya watafuata hatua hizi hizi kwa vyanzo vyao: KUCCPS, idara inayopanga wanafunzi vyuoni, kwa vyuo, na kwa mwanafunzi wa gredi ya 9, njia tatu za sekondari ya juu, yaani STEM, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Uamuzi huko unakuja mapema zaidi, kwa hiyo orodha ya "sina uhakika" ina uzito mkubwa kwao.

Hatua ya 8: Mtu mmoja anayefanya kazi hiyo

Kijana azungumze na mtu angalau mmoja kwa kila kazi iliyobaki. Amwendee kwa adabu, amsalimie, aeleze ametumwa na nani, na aombe dakika ishirini tu. Maswali manne yanatosha. Jana ulifanya nini tangu asubuhi? Kitu gani hukukitegemea ulipoanza? Ulisomea wapi na ilikugharimu kiasi gani? Ungekuwa kidato cha nne leo ungechagua nini? Swali la kwanza lina nguvu kwa sababu halimpi mtu nafasi ya kupamba.

Hatua ya 9: Akili mnemba ya kwenye simu

Hata usipowaambia, watauliza ChatGPT au Meta AI iliyomo kwenye WhatsApp. Bora uwafundishe. Programu hizi zina tabia ya kujibu kwa uhakika hata pale zinapobuni, zikataja kozi ambayo haipo au sifa za udahili zisizo sahihi. Sheria iwe rahisi: usiulize sifa za kujiunga, ada, wala tarehe za mwisho. Hayo yako kwenye miongozo rasmi.

Zinafaa kwa kukufanya ufikiri. Kijana aandike hivi: "Nimemaliza kidato cha nne Tanzania. Napenda kuchunguza na kufanya kazi kwa mikono. Niulize maswali kumi kuhusu kazi ninayoitaka, moja baada ya jingine, usinishauri chochote mpaka nimalize kujibu." Au: "Nakwenda kuzungumza na mtaalamu wa maabara. Nisaidie kuandaa maswali." Akipata jina la kazi asiyoijua, alichukue kama fununu na kurudi hatua ya 7 kulihakiki.

Asiweke humo namba ya mtihani, namba ya NIDA wala habari za ugonjwa wa mtu wa familia. Na kwa upande wako, mwalimu, matokeo ya kijana ni taarifa binafsi: tangu kutungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, haya si mambo ya kubandika kwenye ubao wa matangazo wala kutuma kwenye grupu la wazazi.

Hatua ya 10: Kikao na wazazi, kisha Selform

Usimpeleke kijana nyumbani na karatasi ya alama inayosema "kompyuta imeonyesha". Mzazi ataona amepokonywa mtoto na mashine ya Wamarekani, na atakuwa na haki ya kukataa. Mwite, mpokee kwa heshima, na mwache yeye aanze: "Mzee wangu, wewe unamwonaje huyu?" Mara nyingi mzazi anajua mambo ambayo dodoso halina swali lake. Kisha kijana mwenyewe, si wewe, aeleze kazi zake tatu, alizungumza na nani, kila njia inagharimu kiasi gani na miaka mingapi. Mzazi anayesikia mtoto wake akitaja ada na muda kwa usahihi husikiliza tofauti. Kama bado anataka udaktari, muulize Rehema mbele yake kama naye anautaka, na kama jibu ni ndiyo, basi PCB ibaki, FETA iandikwe ya pili.

Wakati wa kujaza Selform, kijana aingie mwenyewe. Akilazimika kwenda steshenari, awe na machaguo yake yameandikwa kwa mpangilio, asome kila mstari kwenye skrini kabla ya kutuma, apige picha ukurasa wa mwisho, atoke kwenye akaunti, na nywila yake isibaki kwa mhudumu.

Nakala ya karatasi zake uitunze wewe: maharage, alama, kazi tatu, majibu ya aliozungumza nao. Wapo watakaopangiwa chuo au kombi wasiyoiweka mbele, na watakuja kwako wamechanganyikiwa siku chache kabla ya kuripoti. Fungua karatasi hiyo, mwanze na mlango wake wa pili.